Leonia na Mbwa wa Marehemu Eliakimu

Watu wa Katonga wakitaja "saluni ya mbwa" hutaja huku wanacheka, na Leonia Kalisti ameshakizoea kicheko hicho. Hakimuudhi wala hakimfurahishi. Banda lake liko nyuma ya ghala la zamani la dagaa, juu kidogo ya mwalo ambako mitumbwi hushusha samaki, limeezekwa bati na kusakafiwa kwa saruji yenye mteremko ili maji yasituame. Ndani mna meza ndefu iliyofunikwa mpira, bomba moja, mashine ya kunyolea ya umeme, mikasi, vitana vya chuma na rundo la mataulo ya mitumba. Harufu ya dagaa haitoki humo hata afanye nini. Mbwa hawajawahi kuilalamikia.

Kazi yenyewe aliikuta Arusha. Alizaliwa Kasingirima, hapahapa Kigoma, akamaliza kidato cha nne, akaenda kwa shangazi yake kujifunza ususi. Jirani na saluni aliyokuwa akisukia paliishi mama mmoja aliyekuwa akilaza na kuogesha mbwa wa watu wanaosafiri. Siku moja mama yule alikosa mtu wa kumshikia mbwa mkubwa aliyekuwa akikatwa kucha. Akaita pale saluni, wasusi wote wakakimbilia ndani isipokuwa Leonia. Alimshika mbwa yule mpaka kazi ikaisha, na kesho yake akarudi kuuliza kama kuna mwingine. Akakaa pale miaka. Alifundishwa kunyoa, kuchana, kusafisha masikio na kukata kucha bila kuugusa mshipa wa damu uliomo ndani yake. Lakini somo la kwanza lilikuwa kukaa chini na kumtazama mbwa kabla ya kumgusa.

Miguu ya mama yake ilipoanza kukataa kutembea, Leonia alirudi Kigoma kwa treni, mashine yake ameifunga kwenye khanga. Mwanzoni alipanga chumba Ujiji, uani kwa mzee mmoja wa Kimanyema. Hakukaa muda mrefu. Mzee alimwita akamwambia kwa upole, "Mwanangu, kazi yako mimi sina ugomvi nayo. Ila hapa uani watu wanatawadha, na mate ya mbwa yakigusa nguo ni shughuli." Leonia alimwelewa. Mzee huyohuyo ndiye aliyemtafutia lile banda la Katonga, kwa kuwa ghala lilikuwa la binamu yake. Mpaka leo wakikutana sokoni wanasalimiana na kuulizana habari za wagonjwa.

Wateja walikuja polepole. Wafanyakazi wa mashirika, hoteli moja ya ufukweni yenye mbwa wa ulinzi, mapadre, na wafanyabiashara walioanza kuleta mbwa wa manyoya kutoka Dar es Salaam kwa sababu watoto wao wamewaona kwenye simu. Wengi walidhani kumtunza mbwa manyoya ni mbwembwe tu za watu wenye nafasi. Leonia hakubishana nao. Alimnyanyua mbwa mguu, akamwonyesha mwenyewe jinsi kucha ndefu inavyopindisha kidole mpaka mnyama anatembea kama amekanyaga makaa. Aliwaambia waache sabuni ya unga, inamuunguza ngozi. Wamchane kabla ya kumwogesha, maana manyoya yaliyosokotana yakilowa maji hukaza kama kamba. Wasimfuate kumwambia "mnyoe kipara, jua kali", kwa sababu yapo manyoya ambayo ndiyo yanamkinga mbwa na hilo jua. Aliyasema kwa kila mtu kwa sauti ileile, kama kondakta anayetaja vituo.

Na kabla mbwa hajafunguliwa kamba aliuliza kama amechanjwa, kama amewahi kung'ata mtu, na kama pana mahali akiguswa anaumia.

Siku Marsiana alipokuja ilikuwa kiangazi, asubuhi, dagaa wameanikwa mpaka ukingoni mwa njia. Marsiana alikuwa mama wa makamo aliyevaa kitambaa cheusi kichwani, na nyuma yake, kwenye kamba ya kuanikia nguo, alimvuta mnyama ambaye Leonia hakutambua mara moja kama ni mbwa. Manyoya yalikuwa yameshikana yakawa kitu kimoja, kama gunia lililooza mvuani. Mkia haukuonekana mahali ulipoanzia. Inzi walikuwa wamemfuata tangu barabarani.

"Mwakeye, mama," Leonia alisalimia kwa Kiha, kisha akaongeza, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayenyoa mbwa?"

"Ndiye mimi."

"Basi nisaidie. Ninanuka kwa ajili yake. Jumuiya ikija kusali nyumbani, watu wanakaa karibu na mlango."

Alieleza. Mbwa aliitwa Breki. Alikuwa wa mumewe, Eliakimu, aliyefanya kazi reli mpaka akastaafu, na jina lilitoka huko. Mama yake Breki aliletwa na mhandisi wa kigeni wakati wa kujenga barabara, ndiyo maana ya manyoya yale marefu. Eliakimu alikuwa akimchana kila Jumamosi, amekaa kwenye kigoda, redio pembeni. Kisha Eliakimu aliugua, ugonjwa ukawa mrefu, na mwaka jana akafariki. Tangu hapo Breki hakukubali mkono wa mtu. Alilala mbele ya mlango wa chumba cha marehemu, akala akitupiwa, akanguruma akikaribiwa.

"Amechanjwa kichaa cha mbwa?" Leonia aliuliza.

"Amechanjwa. Mume wangu hakuwa mtu wa kusahau."

"Amewahi kung'ata?"

Marsiana alimtazama mbwa. "Mimi, hapana."

"Mtu mwingine?"

"Alimdaka shemeji yangu suruali. Nyama hakugusa."

"Na kuna mahali akiguswa anaumia?"

"Hapo, mwanangu, siwezi kujua. Haguswi."

Leonia alikaa chini, mgongo ukutani, akamtazama. Breki alikuwa akihema kwa mdomo wazi, kichwa amekiinamisha upande mmoja. Kule kuinamisha kichwa Leonia alikuona. Alidhani ni sikio. Mbwa wa masikio mazito huugua masikio. Alimrushia kipande cha dagaa, akala. Akamrushia kingine karibu zaidi. Jua lilipopanda, mbwa alikuwa amekubali kufungwa mdomo kwa kifuniko cha ngozi na kupandishwa mezani, Marsiana akiwa amemshika kwa mbele na kumwimbia kitu kwa sauti ndogo.

Alimweleza Marsiana mapema kwamba yale manyoya hayachaniki tena. Yangetolewa yote, na Breki angeonekana kituko kwa miezi kadhaa. Marsiana alisema sawa, ingawa hakupendezwa.

Mashine ilianzia mgongoni. Manyoya yalitoka kama mkeka, kipande kizima, na chini yake ngozi ilikuwa nyekundu, imejaa kupe. Breki alitetemeka lakini alisimama. Banda lilikuwa na joto. Baada ya muda alianza kuhema kwa shida ndani ya kile kifuniko, ulimi ukabadilika rangi, na Leonia akaona hatari ya kumkosesha pumzi. Akakilegeza. Alijua anachokifanya, na alijua pia kwamba ingetosha kumshusha mezani, kumpa maji na kumrudisha siku nyingine. Ila mgongo ulikuwa umeshanyolewa na shingo ilikuwa imebaki kidogo tu.

Shingoni mashine iligonga kitu kigumu ikanyamaza. Leonia aliiweka pembeni, akaingiza vidole katikati ya manyoya apapase. Aligusa chuma. Wakati huohuo Breki aligeuza kichwa, kifuniko kikavuka pua, na meno yakaingia kwenye mkono wa kulia, chini ya kidole gumba, mpaka yakakutana.

Leonia hakupiga kelele. Mkono hakuuvuta pia, kwa sababu anayevuta huchanika. Alisubiri mbwa aachie mwenyewe, na alipoachia, alimwambia Marsiana, "Mfunge kwenye ile nguzo, mama. Usimpige." Kisha akaenda bombani, akafungua maji, akaanza kuosha jeraha kwa sabuni. Aliosha muda mrefu kupita alivyoweza kuvumilia, damu ikienda na maji kwenye mteremko wa sakafu. Marsiana alisimama katikati ya banda, mikono kichwani, akisema jina la mumewe.

Hospitali walimwuliza swali lilelile ambalo yeye huwauliza wateja, kama mbwa amechanjwa. Aliwaambia alichoambiwa. Waliufunga mkono bila kuushona, wakamchoma sindano ya kwanza ya kuzuia kichaa cha mbwa na kumpangia nyingine, wakamtaka ahakikishe habari za chanjo ya yule mbwa.

Mtu wa kuhakikisha alikuwa Yakobo, daktari wa mifugo, aliyekuwa akimfahamu kila mbwa mwenye mwenyewe kuanzia Bangwe mpaka Ujiji. Leonia alimkuta ofisini kwake mchana huo.

"Breki wa Mzee Eliakimu?" Yakobo alifikiri. "Alikuwa akimleta kila mwaka, kweli. Lakini Eliakimu aliugua lini? Tangu alipolala kitandani sijamwona mbwa yule. Nani angemleta?"

"Mama amesema amechanjwa."

"Mama amesema anachoamini. Hakudanganya." Akautazama mkono. "Chanjo yake imeshapitwa na wakati. Maliza sindano zako zote. Na mbwa afungwe mahali salama, apewe chakula na maji, tumtazame siku kumi. Akiwa na kichaa hatavuka hapo bila kuonyesha."

Leonia aliitikia. Alipotoka nje alisimama kidogo kwenye kivuli cha ukuta. Utotoni, Kasingirima, aliwahi kusikia mtu aliyeng'atwa na mbwa wa kichaa, ndani ya nyumba ambayo watoto walikatazwa kuikaribia. Maji yakipitishwa dirishani alipiga ukelele. Jambo hilo Leonia alilifikiria, halafu akaliweka upande, akapanda bajaji kwenda kwa Marsiana.

Alikuta Marsiana ameshamrudisha mbwa nyumbani na watu wamejaa uani. Shemeji wa Marsiana, Gervasi, mdogo wake marehemu, alikuwa amekuja na panga na vijana wawili wenye mawe. Breki alikuwa amefungwa kwenye mpapai, nusu amenyolewa, mgongo mtupu na miguu imevaa matambara ya manyoya. Hakuwa akibweka.

"Dada, pole sana," Gervasi alisema. "Tunammaliza sasa hivi. Imbwa hii nilishasema siku nyingi."

"Usimuue, mzee."

"Amekung'ata wewe, na unamtetea?"

"Sijamtetea. Nataka aishi nimtazame. Mkimuua leo, mimi nitabaki sijui kama nimeng'atwa na mgonjwa au mzima. Mtakuwa mmeniua na mimi kwa mawazo."

Gervasi alisita. Vijana walimtazama yeye, kisha wakautazama ule mkono uliofungwa bandeji.

"Akinguruma usiku? Akikata kamba?"

"Mjengeeni banda. Mbao zipo pale. Chakula asukumiwe kwa mti, asipewe kwa mkono. Daktari atakuja kumwona."

"Shemeji," Marsiana alisema kutoka mlangoni, "fanya anavyosema mtoto wa watu."

Banda likajengwa jioni ileile, na Gervasi ndiye aliyepiga misumari.

Siku zilizofuata Leonia hakufanya kazi. Mkono ulivimba mpaka kwenye kiwiko, kisha ukaanza kunywea. Alifunga banda lake, akawaambia wateja warudi baadaye, na kila asubuhi alikwenda kwa Marsiana kumtazama mbwa. Mama yake alidhani anakwenda kumjulia hali mjane. Leonia alisimama mbali kidogo na mbao, akaangalia kama Breki anakunywa maji. Alipomwona anakunywa, alirudi nyumbani. Ilikuwa haja yake yote ya siku. Hakuwa na chuki naye. Alimtazama kama mtu anavyotazama mawingu kabla ya kuanika nguo.

Marsiana alimletea kigoda wakae pamoja, na polepole wakazoea kuzungumza. Mjane alikuwa na jambo linalomsumbua.

"Nilikujibu haraka," alisema. "Kuhusu chanjo. Uliponiuliza nilimwona Eliakimu anatoka hapo getini na mbwa kwenye kamba, nikasema amechanjwa. Sikukumbuka kwamba hiyo ni picha ya zamani."

"Wengi hujibu hivyo, mama. Hata angekuwa amechanjwa jana ningekwenda hospitali."

"Lakini ungelala usingizi."



Siku moja, Breki alipokuwa amelala ubavu, Leonia aliona tena kile kichwa kilichoinama, na usaha kidogo uliokuwa umetiririka juu ya ubao. Alikumbuka chuma alichokigusa. Alimwambia Yakobo, na Yakobo akasema watasubiri muda wa kumtazama uishe, kisha wamlaze kwa dawa na kuona.

Muda uliisha na Breki alikuwa yuleyule, anakula, anakunywa, ananguruma. Yakobo alikuja na sindano ya usingizi. Gervasi alikuwepo, alikuwa amesema anakuja kushika miguu kama dawa haitatosha. Mbwa alipolala walimtoa bandani wakamweka juu ya turubai, na Leonia, mkono wa kulia bado mzito, alianza kunyoa shingo kwa mkono wa kushoto. Manyoya yalipoondoka wote waliona. Waya mwembamba, wa kufungia nondo, ulikuwa umeizunguka shingo na kuzama ndani ya ngozi, na nyama ilikuwa imeanza kuota juu yake upande wa sikio.

Marsiana alijifunika uso kwa khanga.

"Nani alimfunga hivi?" Yakobo aliuliza, akitafuta mkasi wa kukatia.

"Mimi," Gervasi alisema. "Siku za matanga. Watu walikuwa wengi, wanamwogopa, anataka kuingia kwenye chumba chenye maiti. Mkanda wake ulikuwa umekatika. Nikapata waya kwa mafundi. Baada ya mazishi nilifungua mnyororo." Aliendelea kuushika mguu wa mbwa aliyelala. "Waya nilisema nitautoa kesho."

Yakobo alikata waya mahali pawili, akauvuta taratibu, akasafisha, akapaka dawa, akachoma na chanjo papo hapo. Leonia alimalizia kunyoa miguu na tumbo, akakata kucha, mbili zikiwa zimejikunja mpaka kwenye nyayo. Kupe walichomwa kwenye kopo. Lililobaki juu ya turubai lilikuwa jimnyama jembamba, la rangi ya waridi na madoa ya kijivu, lenye masikio makubwa.

"Huyu ni mbwa wa nani?" Marsiana alisema, na kwa mara ya kwanza Leonia alimwona akicheka, machozi yakiwa bado shavuni.

Gervasi aliokota ule waya, akaukunja, akatoka nao. Walipomwona tena alikuwa ameleta mkanda mpana wa ngozi, laini, alioutengenezesha kwa fundi viatu. Yakobo alimwambia auhifadhi mpaka kidonda kipone. Aliuning'iniza kwenye msumari wa mlango, akaaga.

Leonia alimaliza sindano zake na kidonda kikafunga, isipokuwa kidole gumba hakikunjiki tena sawasawa. Mkasi akaanza kuushika kwa namna nyingine. Kilichomshangaza zaidi kilikuwa siku aliyorudi kazini. Mteja wa kwanza alikuwa kibwa cheupe cha mwalimu mmoja, kidogo cha kubeba kwenye kapu, kisichojua hata kubweka vizuri. Kilipomnusa mkono, aliuvuta nyuma. Alimwomba mwalimu amsubiri, akatoka nje, akasimama kati ya chanja za dagaa mpaka pumzi zikamrudia. Kisha akaingia akakiogesha. Hofu hiyo haikuisha siku hiyo, wala wiki hiyo. Iliisha bila yeye kujua imeisha lini.

Siku hizi jibu la "amechanjwa" halimtoshi. Huuliza lini, wapi, na nani alimpeleka, na mtu akianza kufikirifikiri, humwelekeza kwa Yakobo kwanza. Wapo waliokasirika, wakasema anajifanya daktari, wakaenda kuwaogesha mbwa wao ziwani. Amewaacha waende. Mbwa akihema kwa shida humshusha mezani, hata kama amebakiza sikio moja.

Breki manyoya yalimrudia, mafupi kwanza, kisha mawimbimawimbi. Marsiana alinunua kitana na akafundishwa kuchana kuanzia ncha kwenda kwenye shina, kidogo kidogo, na kupapasa kwa vidole nyuma ya masikio, kwapani na shingoni, mahali ambapo mafundo huanzia. Wiki za mwanzo mbwa alimruhusu mgongo tu. Sasa anamruhusu mwili mzima, akiwa amelala mbele ya chumba kilekile.

Leonia hakusamehewa. Akifika uani Breki husimama, hunguruma, na hafungi mdomo mpaka ametoka. Kila baada ya miezi michache hupelekwa Katonga kukatwa kucha, na huko huvishwa kifuniko nje kabla ya kuingia, Marsiana akimkumbatia kichwa, Leonia akifanya kazi upande wa nyuma bila kusema neno, kwa kuwa sauti yake inamkera. Wakimaliza, wanawake hao wawili hupeana mkono juu ya mgongo wake. Kisha Marsiana huondoka naye kupitia njia ya juu, ili wachuuzi wa dagaa wasiwagombeze, na Leonia humwaga maji mezani, hutandaza taulo kavu na kumwita anayefuata.